Hata Kijiti Kimoja Kisihamishwe

Ofisi ya Afisa Malikale,
Jengo la Jiji,
Dodoma.
5 Agosti 2024

Mwalimu Mstaafu Emiliana Matonya,
Mtaa wa Chilungu.

YAH: KUSITISHA UKARABATI WA PAA LA NYUMBA YA TEMBE

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Katika ukaguzi nilioufanya mtaani kwako tarehe 2 Agosti, nilikukuta juu ya paa la nyumba yako ukikwangua udongo kwa jembe. Napenda kukujulisha kuwa nyumba hiyo ni tembe pekee niliyoikuta ikiwa nzima na yenye watu ndani ya mipaka ya Jiji, na nimeipendekeza kwenye Kamati ili iingizwe katika orodha ya majengo ya kihistoria. Kamati ikikubali, barabara ya viwanja vipya iliyopangwa kupita hapo itapita kwingine, na nyumba haitabomolewa.

Hadi Kamati itakapoamua, unaelekezwa kutoondoa, kutoongeza wala kuhamisha kitu chochote: udongo, fito, boriti wala nguzo.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Naima Masudi
AFISA MALIKALE WA JIJI


Chilungu,
9 Agosti 2024

Bi. Afisa,

Salamu. Barua yako nimeikuta dukani kwa Nasra, juu ya gunia la mkaa, na nimeisoma mara ya pili nikidhani miwani inanidanganya.

Mwezi wa sita alikuja kijana wa serikali. Hodi hakupiga. Akachora X nyekundu kwenye ukuta wangu, akasema nyumba itavunjwa, barabara inapita. Mwezi wa nane umekuja wewe, wa serikali hiyohiyo, unasema nisiguse hata udongo kwa sababu nyumba ina thamani. Sasa nimtii nani? Yeye anataka nyumba ife leo. Wewe unataka ife Desemba, maana paa la tembe lisipokwanguliwa na kukandikwa upya kila kiangazi, mvua ya kwanza tu inaingia mpaka kitandani. Ulichonikuta nafanya si mabadiliko, Bi. Afisa. Ni kama kuchana nywele.

Kwani huko ofisini hamsemeshani?

Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, na sijawahi kumwambia mtoto asimame na akae kwa pamoja. Mwanangu Joel, anayefanya biashara ya samaki Mtera, ananiambia nichukue fidia nijenge ya bati. Joel simsikilizi, yule wa X simsikilizi, na wewe bado sijaamua. Mume wangu Mika alifia mle ndani, mkono wake umeshika nguzo ya katikati. Mimi kwenye nyumba ile sitoki.

Usinipigie simu. Simu yangu ni ya wajukuu. Mambo ya nyumba yaandikwe, kesho mtu asinigeuke.

Mwl. Emiliana Matonya


Makole,
14 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nyumbani, maana ofisini nagawana meza na mkusanya ushuru wa maegesho, na kila nikishika kalamu anakuja mtu kulalamikia faini.

Naomba radhi kwa ile barua. Niliiandika kwa lugha tunayofundishwa kuandikia. Kandika paa lako, mimi nitasema sikuona. Ila nguzo na boriti usiziguse, nakuomba sana.

Umeuliza kama hatusemeshani. Tunasemeshana, ndiyo shida. Anayeongoza mipango ya barabara anaitwa Denis, kijana msomi, mpole, anayekunywa chai na mimi kila asubuhi. Tembe yako anaiita kichuguu. Nikimwambia ni historia, ananijibu kuwa historia ikitaka kubaki ijitafutie kiwanja nje ya mstari wa barabara. Ana ramani ya rangi. Mimi nina picha nilizopiga kwa simu.

Mimi ni Mrangi, kwetu Kondoa. Nyumba ya bibi yangu Kuluthumu ilikuwa hivyohivyo, paa la udongo, na tulikuwa tukianika mahindi juu yake. Leo nikimweleza binti yangu Salma anadhani namtungia. Nina hamu aione moja kabla hazijaisha. Hiyo ndiyo sababu yangu, na hiyo siwezi kuiandika kwenye ripoti ya Kamati.

Kamati inataka kujua jambo moja tu: nyumba ina umri gani? Niandikie unalolijua. Na kama kuna mzee anayeweza kuja kikaoni kushuhudia, nitajie.

Wako,
Naima


Chilungu,
20 Agosti 2024

Marahaba, mwanangu Naima.

Sasa ndiyo umeandika barua. Ile ya kwanza ningekuwa naisahihisha ningekupa nne kwa kumi, na hizo kwa ajili ya mwandiko wa mashine.

Nguzo za nyumba hii ni mpingo, mchwa hawaziwezi. Alizikata babu yake Mika, Mzee Matonya mwenyewe, wakati wa Mjerumani, kabla ya vita ile ya kwanza. Baba mkwe wangu alizaliwa chini yake. Mika akazaliwa chini yake, na wanangu wote, isipokuwa Joel aliyezaliwa hospitali, labda ndiyo maana anapenda bati. Kwa hiyo umri wake ni huo, zaidi ya miaka mia. Andika hivyo.

Wa kushuhudia yupo: Mzee Filipo, jirani yangu, rafiki wa Mika tangu wanachunga ndama. Anaijua nyumba hii kuliko anavyoijua yake. Mdomo anao, masikio ndiyo kidogo, kwa hiyo mwulize kwa sauti.

Nakuletea karanga kwa kijana wa bodaboda. Akikuletea nusu, jua nilimpa kikapu kimejaa.

Mama yako,
Emiliana


Makole,
26 Septemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimerudi kutoka kikaoni na hata hijabu sijavua.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilisoma ripoti yangu. Wajumbe wawili wakatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti akaniuliza kama nina ushahidi wa umri, nikasema ninaye shahidi, nikamsimamisha Mzee Filipo, amevaa koti lake la Krismasi. Nikamwuliza kwa sauti, kama ulivyonielekeza: "Mzee wetu, nyumba hii unaifahamu?"

Akasema, "Ninaifahamuje? Nguzo ya katikati niliibeba mimi, kwa bega hili, mwaka wa sabini na moja!"

Akafungua koti kuwaonyesha bega.

Nikadhani hakusikia swali. Nikarudia. Akaendelea, kwa furaha kabisa, kusimulia jinsi serikali ilivyowahamisha watu kutoka kule mahameni, ng'ambo ya korongo, kuwaleta kijijini, na jinsi mlivyoing'oa nyumba nzima, mkaibeba kwa mabega na punda, mkaisimika hapa. Mwisho akasema, "Na kabla ya hapo ilishahama tena, mwaka wa njaa." Kisha akaketi, akaniangalia kama mtu aliyenisaidia.

Denis hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema taratibu, "Mwenyekiti, jengo la mwaka 1971 si malikale. Hata wewe ungeingia kwenye orodha hiyo." Kikao kizima kikacheka.

Pendekezo limekataliwa. Greda linapelekwa kwenu mwezi ujao.

Mwalimu, nilikuuliza swali moja. Moja! Kwa nini hukuniambia?

Naima


Chilungu,
30 Septemba 2024

Naima,

Umekasirika, na mimi nimekasirika, kwa hiyo leo tuko sawa.

Uliniuliza nyumba ina umri gani, nikakwambia. Hukuniuliza ilikuwa wapi. Mtu akikuuliza una miaka mingapi unamjibu tangu ulipohamia Makole? Mimi niliolewa kwenye nyumba hii mwaka wa sabini, ikiwa kule mahameni. Mwaka uliofuata tukahamishwa. Baba mkwe akasema tutaacha majivu na mawe ya mafiga, nguzo hatuziachi. Tukazing'oa. Mimi mwenyewe, bibi harusi wa juzi, nilibeba fito kichwani mpaka shingo ikakataa kugeuka. Tulizisimika kwa mpangilio uleule, ya magharibi magharibi, ya mlango mlangoni. Usiku ule nilijua pa kutundika kibuyu changu bila taa. Sasa unaniambia hiyo ni nyumba nyingine?

Sisi tumehama kwa njaa, tumehama kwa malisho, tumehama kwa amri. Kama nyumba ingekuwa ni mahali, tusingekuwa nayo hata moja.

Filipo nimemkaripia. Hajui kosa lake ni lipi, na kusema kweli hata mimi sijui. Anauliza kama bega lake limeandikwa kwenye kitabu cha serikali.

Emiliana


Makole,
4 Oktoba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa na hasira, nikaisoma tena hasira ikanipungua, na hilo nalo likaniudhi.

Sikiliza. Nimekata rufaa juu, ngazi inayoweza kutoa amri ya hifadhi bila Kamati. Nimewaandikia ukweli wote, pamoja na bega la Mzee Filipo: kwamba nguzo zina zaidi ya karne, na kwamba kwa miaka zaidi ya hamsini ziko hapo Chilungu. Mkuu wangu hakufurahi. Ameniambia nikishindwa nitapumzishwa malikale, nihamie dirisha la maegesho moja kwa moja. Sikutaka kukwambia hilo, lakini nimechoka kubeba peke yangu.

Wamenipa wiki mbili za kusubiri jibu. Na kwa kuwa adui zetu sasa wanasema hii ni nyumba ya kuhamahama, kila kitu kinategemea ikutwe palepale ilipo. Nakuomba kama mama yangu: usihamishe hata kijiti kimoja.

Naima


Chilungu,
9 Oktoba 2024

Mwanangu Naima,

Marahaba. Nimekusikia, na nimekuombea kanisani kwa jina, ingawa padri aliuliza Naima ni nani.

Nina swali dogo. Hiyo sheria yako inalinda nyumba, au inalinda mahali? Huna haja ya kuharakisha jibu.

Greda limefika. Limeegeshwa kwenye uwanja wa mpira wa shule, watoto wanalipanda. Dereva wake ni mtu mstaarabu, anakuja kwangu kuomba maji ya kunywa.

Joel amekuja kutoka Mtera na lori lake, harufu ya samaki imejaa mtaa mzima. Atakaa siku chache. Vijana wa kwaya nao watakuja Jumamosi, nimewapikia mlenda na ugali wa uwele. Basi hapa ni shangwe tu, usiwe na wasiwasi na mimi.

Mama yako,
Emiliana


Ofisi ya Afisa Malikale,
Dodoma.
22 Oktoba 2024

Mwalimu wangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Imesainiwa! Imetoka leo asubuhi, ina muhuri, nimeigusa kwa mkono wangu. "Eneo la Tembe ya Matonya, Chilungu, pamoja na vyote vilivyomo, lisiguswe, lisipitishwe barabara, lisichimbwe, lisijengwe jengo geni." Denis ameisoma mara mbili, akakunja ramani yake, akaniambia hongera. Chai leo kalipa yeye.

Kesho mafundi wanakuja kusimika kibao cha shaba kwenye nguzo ya zege. Keshokutwa, Alhamisi, nakuja mwenyewe kukusomea amri, na namleta Salma. Uzinduzi rasmi na wageni wakubwa utakuwa katikati ya Desemba. Nilikupigia simu, samahani, najua umekataza, lakini haipatikani.

Joel kaondoka? Mwambie asiuze samaki wote, aniachie wawili.

Naima


Makole,
25 Oktoba 2024

Mwalimu Emiliana,

Sijui barua hii niipeleke wapi. Namwachia Nasra.

Jana nilifika Chilungu nimemshika mwanangu mkono. Nimekuta uwanja mtupu. Hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna nguzo. Kuna mashimo ya nguzo, kuku wawili, na kibao changu. Kimesimikwa vizuri sana. Mafundi waliambiwa wakiweke mbele ya mlango, mlango hawakuuona, wakakadiria. Kimeandikwa TEMBE YA MATONYA kwa herufi zinazong'aa, na nyuma yake hakuna kitu mpaka mlimani.

Salma aliniuliza, "Mama, tembe ndiyo hii?"

Mzee Filipo alikuwa ameketi kwenye jiwe. Nikamwuliza nyumba iko wapi. Akasema, kama anayenieleza kuhusu basi, "Imehama."

Nilikuomba jambo moja. Kijiti kimoja! Ninyi mmeondoka na nyumba! Na ile barua ya mlenda na kwaya, na shangwe, na usiwe na wasiwasi! Kuondoa kitu kwenye eneo la hifadhi ni kosa, na wa kukushtaki ni mimi. Mpaka sasa sijaandika neno. Ofisini hakuna ajuaye. Mkuu alikuwa aje na akapata udhuru, nikamshukuru Mungu barabarani mpaka dereva akaniuliza kulikoni.

Nimelia, Mwalimu. Ujue hivyo.

Naima


Chilungu, ng'ambo ya korongo,
28 Oktoba 2024

Mwanangu,

Kwanza pole kwa machozi, na mpe Salma pole yake.

Barua yako ya furaha nimeipata jana, pamoja na hii ya hasira, zote mbili kwa Nasra. Nimezifungua kwa mpangilio usio sahihi, nikadhani umerukwa na akili. Simu yangu betri ilivimba.

Ulisema wiki mbili, na wiki mbili zilikuwa zinayoyoma. Dereva wa greda alikuja kuomba maji, akanywa, akasema, "Mama, Jumatatu tunaanza na kwako. Nisamehe." Ningefanya nini, nikae na barua yako mkononi nimwonyeshe? Sikukwambia kwa sababu ungenikataza, na ningekutii, na nguzo za Mzee Matonya zingekuwa kuni.

Tumeing'oa siku mbili, tumeisimika siku tano. Jumatatu dereva alikuta hakuna cha kuvunja, akaenda kuanzia kwingine. Joel, yule wa bati, alibeba nguzo ya baba yake peke yake na hakutaka kusaidiwa. Udongo wa paa wa zamani tumeubeba pia, tumeuchanganya na mpya. Iko shambani kwa shemeji yangu, paa limekamilika, kuta nusu. Usiku wa kwanza nilitundika kibuyu bila taa.

Kama ni kosa, andika. Nitakuja kituoni mwenyewe, nimevaa kitenge cha Pasaka. Lakini wewe njoo kwanza uione.

Emiliana


Makole,
12 Novemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Kaa chini kabla hujasoma.

Denis ni mtu mwaminifu. Amri ilisema eneo lisiguswe, naye ametii. Amechora barabara upya, akiikwepesha uwanja wako wa zamani kwa heshima zote, ikapinda kuvuka korongo. Leo amenionyesha kwa furaha. "Umeona, Naima? Kichuguu chako kimepona."

Mstari mpya unapita juu ya shamba la shemeji yako. Katikati kabisa. Kuna alama ndogo ya penseli hapo, ameandika "banda jipya, halipo kwenye ramani". Kijana wa rangi nyekundu anakuja mwisho wa mwezi.

Nimejaribu kila kitu. Kubadilisha amri inataka vikao vya nusu mwaka. Kumwambia Denis ukweli ni kufuta amri, na uwanja nao utakwenda. Kwa hiyo, Mwalimu, sheria inalinda mashimo na kuku wawili kwa nguvu zote za serikali, na nyumba yenyewe inavunjwa kwa sababu ya ulinzi huo. Nimeitafuta kazi hii miaka yote, na hiki ndicho nilichofanikiwa kukihifadhi.

Uzinduzi ni tarehe 14 Desemba. Wageni watafunua kitambaa, na nyuma ya kibao wataona mlima. Nimechoka. Sina ushauri wowote wa kukupa, na ningekuwa nao nisingethubutu.

Naima


Chilungu, ng'ambo ya korongo,
15 Novemba 2024

Mwanangu Naima,

Marahaba. Nilikaa chini kama ulivyoniambia, nikasoma, nikamsomea Filipo kwa sauti. Amecheka mpaka nikamnywesha maji.

Kwa hiyo Chilungu nzima hii, mahali pekee ambapo hakuna greda linaloruhusiwa kufika, wala X, wala Denis, ni uani kwangu kwa zamani? Na amri inakataza kujenga jengo geni? Basi lile si geni. Na mashimo hatujayafukia, maana Filipo alisema tusiyafukie, mtu hajui.

Joel analeta lori. Kwaya wamekubali, ila safari hii wanataka nyama. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kibaigwa, kwa hiyo tunaharakisha, paa liwahi kukandikwa kabla ya mvua na kabla ya wageni wako. Siku ya uzinduzi watakuta nyumba nyuma ya kibao, na Salma atapanda juu aanike mahindi.

Tunaanza Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 23, jua likichomoza. Njoo. Usije na gari la Jiji na usivae viatu vya ofisini. Filipo ameniomba nikuambie kwamba bega lake limezeeka, na nguzo ya katikati inamtaka mtu mwingine.

Mama yako,
Emiliana